Visa ya "uwezo wa kipekee": Mtafiti wa Busia au Tororo anahitaji nini ili kupata makazi ya kudumu Marekani?

Abiria anayevuka mpaka wa Kenya na Uganda kupitia Busia huona foleni ya malori, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha na vijana wa bodaboda. Si rahisi aone maabara. Hata hivyo, ukanda huu unaoanzia katika miji miwili inayoitwa Busia, mmoja kila upande wa mpaka, hadi Tororo, umekuwa uwanja wa sayansi kwa zaidi ya nusu karne. Tororo ndiko yalikokuwa makao ya EATRO, shirika la Afrika Mashariki lililochunguza ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe tangu enzi za ukoloni.

Kazi hiyo haikukoma. Watafiti wa shirika la Infectious Diseases Research Collaboration la Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamefuatilia malaria Tororo na Busia kwa miaka mingi. Jaribio lao la dawa ya kuwakinga wajawazito 300 wa Tororo lilichapishwa mwaka 2016 katika New England Journal of Medicine; jingine, lililohusisha wajawazito 782 wa Busia, lilitoka katika The Lancet mwaka 2019. Waandishi wa kwanza wa makala zote mbili ni madaktari wa Uganda. Upande wa Kenya, mradi uliojulikana kama IDEAL ulifuatilia ndama 548 tangu kuzaliwa ili kujua magonjwa gani huwaua katika mwaka wao wa kwanza, na maabara ya taasisi ya KEMRI iliyoko Alupe ndiyo iliyopima sampuli za madereva wa malori wakati wa janga la korona mwaka 2020.

Miongoni mwa wanasayansi waliokulia katika miradi ya namna hii, wapo wanaotamani kuendeleza kazi zao Marekani kwa kudumu, nao hukutana na jina linalotisha kidogo: visa ya uhamiaji ya mtu mwenye uwezo wa kipekee, maarufu kwa herufi EB-1A. Wengi huliona jina hilo na kufunga ukurasa, wakidhani kwamba linawahusu washindi wa medali za Olimpiki tu. Si hivyo. Lakini pia si visa ya kila mwenye shahada ya uzamivu.

Visa yenyewe

EB-1A iliwekwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Inawalenga watu wa sayansi, sanaa, elimu, biashara na michezo waliofika kilele cha fani zao, na ambao sifa zao zimedumu na kutambuliwa kitaifa au kimataifa. Tofauti yake kubwa na visa nyingine za kazi ni kwamba mwombaji hahitaji mwajiri. Anaweza kujiombea mwenyewe, kwa jina lake, akiwa bado anaishi Tororo. Anachotakiwa kuonyesha kuhusu siku za usoni ni kwamba atakwenda kuendelea na kazi ya fani ileile, kwa mfano kwa barua ya chuo kinachomhitaji au kwa maelezo ya kina ya mipango yake, na kwamba Marekani itanufaika kwa kuwapo kwake.

Ombi huwasilishwa kwa Fomu I-140 katika Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS. Likikubaliwa, mume au mke wa mwombaji na watoto wao ambao hawajaoa wala kuolewa na walio chini ya umri wa miaka 21 wanaweza kuandamana naye.

Njia ya mkato kabisa ni tuzo moja kubwa ya kimataifa, ya kiwango cha Nobel. Hapa Busia ina kisa chake. Mwaka 2019 Michael Kremer, mchumi wa Marekani aliyewahi kufundisha karibu na Kakamega, alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Miongoni mwa kazi zilizomjengea jina ni utafiti wa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za Busia ya Kenya, ulioanza mwaka 1998. Waliopita darasa kwa darasa wakiandika majina ya watoto na kuhesabu waliohudhuria walikuwa wenyeji, na kuhesabu mahudhurio hakumfikishi mtu Stockholm. Hakumpi mtu visa pia, mpaka aweze kuonyesha kwa karatasi ni jambo gani alilolibuni yeye mwenyewe. Hilo ndilo swali litakalomfuata mtafiti wa mpakani katika ombi lake lote.

Vigezo kumi, na vile vinavyomhusu mwanasayansi

Asiye na tuzo ya kiwango hicho, yaani karibu kila mtu, hutakiwa kutimiza angalau vigezo vitatu kati ya kumi vilivyowekwa na kanuni. Viwili kati ya hivyo, maonyesho ya kazi za sanaa na mafanikio ya kibiashara katika sanaa za jukwaani, havimhusu mtafiti wa malaria. Vinavyobaki ni tuzo ndogo zaidi za kitaifa au kimataifa; uanachama wa vyama vinavyodai mafanikio makubwa; habari zilizoandikwa kumhusu mwombaji; kuhukumu kazi za wengine; mchango wa asili wenye uzito mkubwa; makala za kitaaluma; nafasi ya uongozi au nafasi muhimu katika taasisi yenye sifa; na mshahara wa juu.

Makala za kitaaluma ndicho kigezo chepesi kwa mtafiti aliyechapisha katika majarida yanayoheshimika. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya mwanafizikia aitwaye Kazarian, iliamua kwamba katika hatua hii maofisa hawana mamlaka ya kuongeza masharti yasiyomo katika kanuni, kwa mfano kudai kwamba makala ziwe zimezua gumzo miongoni mwa wanasayansi. Swali la uzito wa makala hizo huja baadaye.

Kigezo cha kuhukumu kazi za wengine hutimizwa na watafiti wengi bila wao kujua. Kila mara mhariri wa jarida anapomtumia mtu mswada wa mwenzake ili autathmini kabla haujachapishwa, huo ni ushahidi. Ila kualikwa tu hakutoshi; ni lazima ionekane kwamba kazi ilifanyika. Barua pepe ya shukrani kutoka kwa mhariri baada ya tathmini kupokelewa ina thamani kubwa kuliko mwaliko wenyewe, na barua pepe hizo ndizo watu hufuta ili kupunguza mzigo wa simu. Mtafiti kijana anayefikiria njia hii hata kwa mbali na aanze kuzihifadhi leo.

Mchango wa asili wenye uzito mkubwa ndipo maombi mengi hukwama, na kwa watafiti wa Busia na Tororo ugumu wake una sura ya pekee. Sayansi ya mpakani ni ya jopo. Makala moja ya malaria inaweza kuwa na waandishi kumi na tano au zaidi: mtakwimu yuko San Francisco, mtaalamu wa kinga ya mwili yuko kwingine, daktari aliyewahudumia wagonjwa yuko Tororo, na aliyekamata mbu usiku yuko Nagongera. Ofisa wa USCIS anayelisoma faili hajui nani alifanya nini. Akiona jina la mwombaji katikati ya orodha, anaweza kudhani kwamba alikuwa msaidizi tu.

Kwa hiyo faili zuri hutenganisha mkono wa mwombaji na mikono ya wenzake. Chukua mfano wa mtaalamu wa maabara aliyeunda namna ya kupima, hapo hapo Tororo, kama vimelea vya malaria bado vinaitikia dawa. Haitoshi kusema kwamba alishiriki katika utafiti wa usugu wa dawa. Aonyeshe kwamba utaratibu huo ni wake, kwamba maabara nyingine zimeuchukua, kwamba makala nyingine zimeutegemea katika hoja zao na si kuutaja kwa kupita tu, au kwamba wizara ya afya au Shirika la Afya Duniani limeutumia katika mwongozo wake. Idadi ya mara ambazo makala zimenukuliwa husaidia ikilinganishwa na za watafiti wengine wa fani hiyo na wa umri huo wa kazi. Ikiachwa peke yake, ni tarakimu tu.

Barua za wataalamu hutegemea kanuni hiyo hiyo. Barua ya profesa aliyemsimamia mwombaji ina nafasi yake, kwani ndiye anayejua kilichotendeka chumbani. Lakini barua ya mtaalamu asiyewahi kufanya naye kazi, anayemjua kupitia kazi zake tu, huaminiwa zaidi. Barua isemayo kwamba mwombaji ni mtu mwadilifu, mchapakazi na mwenye kipaji haina uzito. Ile isemayo kwamba "tulibadilisha kipimo chetu baada ya kusoma matokeo yake, na hiki ndicho kilichotokea" inaweza kubeba ombi zima. Utamaduni wetu wa barua za sifa, zenye kumpamba mtu bila kutaja tendo, haufai hapa.

Nafasi muhimu katika taasisi ni kigezo ambacho watafiti wa mikoani hukidharau bila sababu. Aliyeongoza kliniki ya utafiti katika hospitali ya wilaya, au aliyesimamia maabara ambayo bila yeye jaribio lisingekamilika, anaweza kukidai, mradi mkuu wa taasisi aeleze kwa kina majukumu na matokeo yake, na sifa za taasisi yenyewe zithibitishwe. Cheo peke yake hakitoshi.

Kuhusu mshahara, wengi hukata tamaa wanapobadilisha shilingi kuwa dola. Mwongozo wa USCIS unasema kwamba anayefanya kazi nje ya Marekani hulinganishwa na wenzake wa nchi anayofanyia kazi, kwa takwimu za nchi hiyo. Mshahara unaoonekana mdogo Boston unaweza kuwa wa juu sana Uganda. Na kuhusu tuzo, tangu Oktoba 2024 mwongozo huo umeweka wazi kwamba tuzo ya kikundi inaweza kuhesabiwa ikiwa mwombaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa. Kwa watu wa kazi za jopo, hayo ni mabadiliko ya maana.

Redio, magazeti na tafsiri

Kigezo cha habari zilizoandikwa kumhusu mwombaji kinagusa Kiswahili moja kwa moja. Habari iliyotoka katika Taifa Leo au mahojiano yaliyorushwa na redio inaweza kuwa ushahidi, ikiwa inamhusu yeye na kazi yake, si mradi kwa jumla, na ikiwa chombo hicho kinahesabika kuwa kikubwa au cha kitaaluma. Lazima ionyeshe kichwa cha habari, tarehe na jina la mwandishi.

Hati yoyote isiyo ya Kiingereza huambatishwa na tafsiri kamili, pamoja na tamko la mtafsiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye ana ujuzi wa lugha zote mbili. Muhtasari haukubaliki. Mahojiano ya redio yanahitaji kwanza kuandikwa neno kwa neno, kisha kutafsiriwa. Hapa wengi hupoteza ushahidi mzuri: kituo hakikuhifadhi sauti, na mwenye mahojiano hakuomba nakala.

Hata baada ya vigezo vitatu kutimia, kazi haijaisha. Ofisa hutazama faili lote kwa pamoja na kujiuliza kama mtu huyu kweli yumo katika asilimia ndogo ya waliofika kileleni. Ndiyo maana vigezo vinne vyenye ushahidi mzito huwa salama kuliko saba vilivyokusanywa kwa kuokoteza. Ndiyo maana pia tuzo za kununuliwa kwenye intaneti na makala katika majarida yanayochapisha chochote kwa malipo huchafua hata yale mazuri yaliyomo. Wakala anayeahidi kumtafutia mtu "tuzo ya kimataifa" ndani ya mwezi mmoja anamuuzia sababu ya kukataliwa.

Mpaka mmoja, hati mbili za kusafiria

Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mtu anaweza kuzaliwa upande mmoja, akasoma upande wa pili na kuoa tena upande wa kwanza. Kwa maisha ya kila siku hilo si tatizo, lakini kwa faili la visa ni kazi ya ziada.

La kwanza ni jina. Tahajia ya cheti cha kuzaliwa huenda isifanane na ya kitambulisho, na ile ya makala ikawa ya tatu, hasa kwa wanawake waliochapisha kabla na baada ya ndoa. Tofauti hizo huhitaji hati ya kiapo au hati ya kubadili jina. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti duniani kote bila kujali tahajia, hupatikana bure na huunganisha makala zake zote.

La pili ni vyeti vya polisi. Mkenya hupata cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi ya DCI. Mganda hukipata kwa ofisi ya Interpol mjini Kampala. Aliyeishi nchi ya jirani kwa miezi 12 au zaidi baada ya kufikisha umri wa miaka 16 atahitaji cheti cha huko pia.

La tatu ndilo zito zaidi kwa sasa. Sheria ya Marekani hupanga foleni ya visa za uhamiaji kwa nchi ya kuzaliwa, na katika kundi la EB-1 foleni ndefu za miaka ya karibuni zimewakabili waliozaliwa India na China. Aliyezaliwa Kenya au Uganda hakuwa na la kusubiri. Lakini Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisitisha utoaji wa visa za uhamiaji kwa raia wa mataifa 75. Uganda imo, pamoja na Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kenya haimo.

Hatua hiyo hutazama uraia, si mahali pa kuzaliwa. Watafiti wawili walioandika makala moja, wakaketi katika maabara moja, wanaweza kuona mmoja akipewa visa na mwenzake akiambiwa asubiri. Ombi la I-140 kwa USCIS ni jambo jingine, na raia wa Uganda bado anaweza kuliwasilisha. Hata mahojiano yanaweza kufanyika. Kinachozuiwa ni visa yenyewe. Mwenye uraia wa nchi mbili anayeomba kwa hati halali ya nchi isiyomo katika orodha hazuiwi, jambo lenye uzito hapa mpakani, kwa kuwa Kenya na Uganda zote zinaruhusu uraia pacha kwa kufuata taratibu zao. Orodha za namna hii hubadilika, na mwombaji anapaswa kuitazama tovuti ya wizara hiyo kabla ya kulipa ada yoyote.

Mahojiano ya visa za uhamiaji kwa waombaji wa nchi zote mbili kwa kawaida hufanyika katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lina kituo cha kuwapima afya huko huko. Mtu wa Tororo huvuka Malaba au Busia akiwa na familia yake na bahasha ya hati halisi. Nakala hazitoshi.

Kuhusu gharama: ada ya Fomu I-140 tangu Aprili 2024 ni dola 715, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300 za mpango wa hifadhi. Ada ya visa ubalozini ni dola 345 kwa kila mtu, mbali na vipimo vya afya na malipo ya mwanasheria kwa anayemtumia. Anayetaka jibu ndani ya siku 15 za kazi hulipia huduma ya haraka, inayozidi dola 2,800. Huduma hiyo huharakisha jibu tu, hailainishi uamuzi.

Kabla ya kujaza fomu

Wanasayansi wengi wa ukanda huu walipata mafunzo Marekani kwa visa ya J-1. Ikiwa mafunzo yao yalilipiwa na serikali ya Marekani au ya nchi yao, huenda wanabanwa na sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili. Ombi la I-140 linaweza kukubaliwa hata hivyo, lakini visa haitatolewa mpaka miaka hiyo itimie au sharti liondolewe rasmi. Maelezo hayo huwa yameandikwa kwenye visa ya J-1 yenyewe au kwenye fomu ya DS-2019. Ni bora kuyasoma sasa kuliko kuyasikia dirishani.

Na kuna swali ambalo washauri wa visa hulipita haraka: mtafiti anataka kuishi wapi? Kadi ya kijani ni ya mtu anayeishi Marekani. Akikaa nje kwa mwaka mmoja au zaidi bila kibali, anaweza kuhesabiwa kuwa ameyaacha makazi yake. Lakini mbu wako Nagongera, na ng'ombe wako Busia. Mtafiti ambaye kazi yake inamdai awe shambani miezi mingi kila mwaka anaweza kufaidika zaidi na visa ya muda ya O-1, ambayo pia ni ya wenye uwezo wa kipekee, ingawa hiyo huombwa na mwajiri au wakala aliyeko Marekani na si yeye mwenyewe.

Akichagua makazi ya kudumu, kibali cha kurejea kinaweza kumruhusu kukaa nje hadi miaka miwili, lakini ni lazima akiombe akiwa ndani ya Marekani, kabla ya kuondoka. Anayefanyia utafiti taasisi ya Marekani inayotambuliwa na serikali yake anaweza pia kuomba, kwa Fomu N-470, kwamba miezi anayokaa nje isivunje hesabu ya kuelekea uraia. Sharti lake ni awe amekwisha kuishi Marekani mwaka mzima mfululizo baada ya kupata makazi ya kudumu. Kwa maneno mengine, mwaka wa kwanza hauna njia ya mkato, na msimu wa mvua wa mwaka huo Tororo utapita yeye akiwa hayupo.